Siku ya Saba ni Yetu: Twende kwa Baiskeli

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale,

Baiskeli tunaijua sote. Ndiyo inayotufikisha kiwandani kabla king'ora hakijalia, na ndiyo inayobeba mkungu wa matoke, mtungi wa maji na mtoto mgonjwa. Hata jina la boda boda, ambalo siku hizi limeshikwa na pikipiki, lilizaliwa kwetu mashariki, mpakani Busia, kwa watu waliovusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Siku sita baiskeli ni chombo cha kazi. Leo tunataka kuzungumza juu ya siku ya saba: kutoka mjini kwa kikundi, kwenda shamba, kula chakula cha mchana pamoja na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Sivyo. Mwezi wa Februari 1894, vijana sita wa mji wa Birmingham, Uingereza, walianzisha klabu ya baiskeli. Waliipa jina la Clarion, gazeti la kisoshalisti ambalo Robert Blatchford na wenzake walilianzisha Manchester mwaka 1891. Siku za mapumziko walitoka mijini kwa msafara, wakagawa magazeti vijijini na kuzungumza na watu juu ya haki za mfanyakazi. Kufikia 1936, klabu hiyo ilikuwa na wanachama zaidi ya 8,000, wanaume na wanawake.

Wafumaji wa pamba wa mji wa Nelson, katika jimbo la Lancashire, walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1912, kwa mkopo uliotolewa na chama cha wafumaji, wenzao wa chama cha siasa cha wafanyakazi walijenga nyumba ya mapumziko mashambani, karibu na kijiji cha Roughlee. Mpanda baiskeli alifika hapo, akaegesha, akapata kikombe kikubwa cha chai, akakaa na wenzake kwenye mabenchi. Nyumba hiyo ingalipo, na Jumapili hufunguliwa. Sisi wa Jinja hatuwezi kuiona Lancashire kama nchi ya mbali mno. Kiwanda chetu cha Nyanza Textile kilianzishwa miaka ya 1950 pamoja na kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester. Kitambaa kilitufunga na watu wale. Basi na desturi yao njema tuitazame.

Wenzetu hao hawakungoja jua. Katika majira ya baridi, mchana wa Uingereza ni mfupi sana na barabara zina barafu, lakini klabu nyingi za baiskeli hutoka vilevile. Huondoka asubuhi, hufuata njia fupi, huingia katika kilabu cha kijijini kula chakula cha moto karibu na moto, kisha hurudi kabla ya jua kutua. Sharti lao moja ni madigadi nzuri, ili anayetangulia asimrushie matope anayemfuata. Sisi hatuna barafu, tuna mvua. Na sharti la madigadi linatufaa sana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku moja ya mapumziko. Siku hiyo si zawadi ya mwajiri. Lakini wangapi kati yetu tunaipumzika? Mmoja huiuza kwa malipo ya ziada, mwingine huilala kwa uchovu, wa tatu huimaliza peke yake. Matokeo yake, mfumaji hamjui mkataji miwa, na fundi wa mashine hamjui kibarua wa ghalani. Tunakutana siku ya mgogoro tu. Watu wanaofahamiana siku ya mgogoro peke yake hutenganishwa upesi. Lakini aliyekusaidia kuziba tyubu yako njiani Jumapili, Jumatatu hutamwacha asimame peke yake mbele ya msimamizi.

Safari ya kwanza isiwe ndefu. Kutoka Jinja hadi Kakira ni kama kilomita 14, na miwa huonekana pande zote. Waliozoea wanaweza kufika Iganga, kama kilomita 40. Barabara hiyo ina malori ya Mombasa na Kampala, kwa hiyo twende mmoja nyuma ya mwingine, kushoto, bila kushindana. Wenzetu wa Mbale wanaweza kuifuata barabara ya Sironko, kama kilomita 24, chini ya mlima Elgon. Barabara ya Sipi waachiwe wenye mapafu na breki za kuaminika.

Chakula kiagizwe mapema, ili mama wa hoteli ajue idadi ya watu. Upande wa Mbale tule malewa yaliyopikwa kwa karanga. Upande wa Jinja, samaki na viazi vitamu. Chungu cha malwa na mirija yake mirefu ndicho kilabu chetu cha shamba, nasi hatukikatazi. Lakini kingojee mpaka tumerudi na baiskeli zimeegeshwa. Lori halimjui aliyelewa.

Sheria ya fidia ya Uganda humfikiria mfanyakazi aliyeumia njiani akienda kazini au akitoka kazini moja kwa moja. Safari ya Jumapili haimo humo. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na mfuko wake mdogo, kila mtu akatoa kidogo kabla ya kuondoka, na fedha ziandikwe daftarini mbele ya wote. Mmoja abebe pampu, spana na viraka. Mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote, wala asiachwe mtu nyuma.

La mwisho ni juu ya dada zetu. Kwa muda mrefu mwanamke amekaa kwenye keria, akibebwa. Anayeweza kusimamia mashine kutwa nzima anaweza kukanyaga pedali. Safari itakayowaacha nyumbani itakuwa nusu ya safari.

Wajumbe wa matawi, andikeni majina, tajeni Jumapili na mahali pa kuanzia. Atakayekosa baiskeli na aazimwe na jirani yake wa zamu nyingine.