Kijana Wako Aleta Buibui Nyumbani

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana msomao gazeti hili kwa kupokezana, leo twataka kuzungumza habari ya buibui. Si lile vazi jeusi la akina mama wa pwani, bali mdudu mwenyewe. Tena si yule mdogo wa darini, bali yule mkubwa mwenye manyoya akaaye shimoni.

Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, Bunju upande wa Kinondoni na Chamazi upande wa Temeke, watu wanachimba misingi ya nyumba mahali palipokuwa vichaka juzi tu. Jembe likizama, mara nyingine hutoka buibui mwenye upana wa kiganja cha mtoto. Huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno yake, kama mtu aliye tayari kupigana. Wakubwa hurudi nyuma, mmoja hutafuta tofali, na mwingine hunong'ona kwamba yule ametumwa na mtu. Lakini siku hizi kila kundi la watoto lina mmoja apigaye kelele: "Msimuue, mimi nitamfuga!"

Mimi ni karani wa parokia, na watoto wa namna hii huja ofisini kwangu kwa kuwa wanajua nilisomea ualimu. Mmoja aliniletea buibui ndani ya kopo la maziwa lisilo na tundu hata moja la hewa. Aliwaona katika simu vijana wa Ulaya na Marekani wakimtembeza buibui juu ya mkono, akadhani kazi ni hiyo tu.

Kijana huyu hastahili kuchekwa wala kuchapwa. Amemwonea huruma kiumbe ambaye wengine walitaka kumponda, na mzazi mwenye busara hauzimi moyo wa namna hiyo. Ila huruma bila maarifa huua vile vile kama tofali, ila polepole zaidi. Kwa hiyo maoni yangu nayasema mapema: mtu anayeanza, na amfuge buibui wetu mle mle shimoni mwake. Sababu zake ni hizi.

BUIBUI WETU NI NANI

Wageni humwita tarantula. Jina hilo latoka mji wa Taranto nchini Italia, na kwanza lilikuwa la buibui mwingine kabisa. Watu wa huko zamani walisema aumwaye naye sharti acheze ngoma mpaka apone. Hawa wa Afrika huitwa na wazungu "buibui-nyani," kwa kuwa ncha za miguu yao yenye manyoya zafanana na vidole vya nyani.

Anayejulikana kuliko wote ng'ambo ni mmoja ambaye Bwana Pocock, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, alimwandika mwaka 1897 kwa jina la Kilatini Pterinochilus murinus. Ana rangi nyingi kufuatana na mahali. Wale wa rangi ya chungwa lililoiva, wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita "Usambara," jina la milima yetu ya Tanga. Naam, mtoto wa Lushoto aweza kushangaa kwamba katika maduka ya Ujerumani jina la milima yao limebandikwa juu ya sanduku la buibui.

Lakini sikilizeni vizuri. Wafugaji hao hao, wenye ujuzi wa miaka mingi, humwonya mtu mgeni asianze na huyu. Ana mbio, ana hasira, na akibanwa huuma tena na tena. Wale buibui wapole mnaowaona katika simu wakitembea mikononi kwa kawaida ni wa Amerika. Wale hujilinda kwa kupukutisha vinywele vinavyowasha. Wetu hawana vinywele hivyo. Kinga yao ni meno na sumu, na sumu yao ni kali kuliko ya wale. Kwa hiyo kijana asimshike mkononi hata siku moja. Buibui hapendi kushikwa, wala hazoei mtu kama paka azoeavyo. Tena akianguka kutoka kimo cha kiuno tu, tumbo lake laweza kupasuka, na huo ndio mwisho wake.

MIAKA MINGAPI?

Hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Buibui jike wa jamii hii huishi zaidi ya miaka 10, na wako wengine Afrika Mashariki, kama yule mkubwa wa rangi ya kutu, waishio miaka 20 na zaidi. Kijana wa darasa la sita akimchukua jike leo, buibui atakuwapo bado kijana akiwa sekondari, akienda chuoni, pengine akioa. Nani atamlisha mwenyewe akiwa bwenini? Mama, bila shaka, ambaye hakuulizwa.

Dume ni habari nyingine. Yeye akishakomaa huacha shimo lake na kutangatanga, hasa wakati wa mvua, akitafuta jike. Utamtambua kwa mwili mwembamba, miguu mirefu, na viguso viwili vya mbele vyenye ncha zilizovimba kama ngumi ndogo. Maisha yaliyombakia ni mafupi. Ukimkuta kibarazani, mfunike kwa bakuli, pitisha kadibodi chini yake, umpeleke kichakani. Huyo hana haja ya kufugwa; anakwenda kwenye arusi yake.

Jike hukaa. Shimo alilolichagua akiwa mdogo hulipanua kila akikua, hulitandika uzi, na mara nyingi halihami. Huko Australia Magharibi bibi mmoja mtaalamu, Barbara York Main, alianza mwaka 1974 kuweka alama kwenye mashimo ya buibui wa ukoo wa karibu na hawa, wale watengenezao mlango wa kufunika shimo. Mmoja alipewa namba 16. Mwaka baada ya mwaka bibi huyo alirudi kumtazama Namba 16, naye alikuwamo katika shimo lile lile, hata bibi akazeeka na wanafunzi wake wakapokea kazi. Mwaka 2016 wakakuta mlango umetobolewa na nyigu, yule atagaye mayai yake katika mwili wa buibui. Namba 16 alikuwa ameishi miaka 43, kuliko buibui mwingine yeyote ajulikanaye duniani. Na yule bibi hakumweka katika kopo.

KAMA NI LAZIMA AKAE NYUMBANI

Huenda shimo limekwisha kuvunjwa na msingi wa nyumba, na mahali pa kumrudisha hapaonekani siku hiyo. Basi mtunze kwa muda, lakini umtunze sawasawa.

Tafuta chombo kipana cha plastiki chenye kifuniko kinachofunga hasa. Toboa matundu madogo mengi ya hewa, madogo kuliko kichwa chake. Jaza udongo ulioshindiliwa kidogo, kina chake kisipungue shibiri moja, na nafasi iliyobaki juu iwe fupi ili akipanda asianguke toka mbali. Toboa kwa kijiti mwanzo wa shimo pembeni. Mengine atachimba mwenyewe. Udongo uwe mkavu, kona moja tu iwe na unyevu. Maji mpe katika kifuniko cha chupa. Chombo kisikae juani, maana plastiki ikipigwa na jua la saa sita humpika aliyemo. Mmoja akae peke yake. Wawili watakuwa mmoja asubuhi.

Chakula chake ni nyenje, panzi au mende aliye hai, asiyezidi ukubwa wa tumbo lake. Mara moja kwa wiki yatosha. Asichokula kiondolewe kesho yake. Na mende wa jikoni mlikopulizwa dawa asipewe kamwe, kwa kuwa dawa hiyo itamwua na yeye.

Kuna jambo moja limewaua buibui wengi mikononi mwa watu wema. Buibui hujivua ngozi ili akue. Kabla ya hapo huacha kula, rangi hufifia, pengine huziba shimo kwa uzi. Kisha hulala chali, miguu juu, masaa mengi. Mtoto hulia kwamba amekufa, baba humtupa jalalani, na kumbe alikuwa hai kabisa. Buibui aliyekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili wake. Akilala chali, mwache, usimguse wala usimpulizie. Toa kila mdudu aliyemo, maana hata nyenje aweza kumtafuna wakati ngozi yake ingali laini. Usimpe chakula tena mpaka wiki moja au zaidi ipite na meno yake yawe magumu.

Chombo kikae juu, mbali na watoto wadogo, na kila mtu nyumbani ajue kilichomo. Si haki mgeni afunue kifuniko akidhani ni sukari.

Ikiwa mtu ameumwa, osheni mahali pale kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi, mwende zahanati. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Maumivu ni makali, na misuli yaweza kukaza kwa siku kadhaa; hakuna habari iliyothibitishwa ya mtu kufa kwa meno ya hawa buibui-nyani, lakini mtoto mdogo au mtu anayepumua kwa shida asicheleweshwe hata kidogo.

YULE MNUNUZI WA MJINI

Wazazi, angalieni hapa. Vijana husikia kwamba ng'ambo buibui huuzwa, nao hufikiri kuchimba mashimo ya kijiji kizima. Huja mtu na pikipiki, huahidi elfu chache kwa kila jike, na hataki kuandika jina lake popote. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha biashara ya kupeleka wanyamapori hai nchi za nje, na tangu 2009 tunayo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Mtu yeyote akija na habari ya kununua, mwelekezeni kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Akikataa kwenda, mmekwisha pata jibu.

Wala msidhani wadudu hawana mashtaka. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wenye miaka 19, walikamatwa Naivasha nchini Kenya wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya mirija midogo, waliokusudiwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Mahakama ya Nairobi iliwapa kuchagua faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Mkenya mmoja naye alihukumiwa vivyo hivyo katika kesi iliyofanana na hiyo. Mara nyingi mnunuzi hurudi kwao. Mchimbaji ndiye abakiye na shimo na askari.

KIGINGI NA DAFTARI

Sasa ninyi vijana, namna ya kufuga niliyoisema mwanzo ni hii. Tafuteni shimo la mviringo lililotandikwa uzi mweupe mdomoni, kando ya shamba au chini ya kichaka. Msiingize mkono wala kijiti. Shimo lisilo na uzi mliache kabisa, maana laweza kuwa la nyoka. Chomekeni kigingi hatua moja kutoka mlangoni, kiwe na namba. Kigingi kikiwa karibu zaidi, mtikisiko wa kukipigilia utamfukuza.

Kama mnamrudisha yule wa nyumbani, chagueni kivuli kisichosombwa na maji, karibu na alikotoka. Tobeni shimo la mshazari lenye kina cha kiganja, lazeni chombo ubavu wakati wa jioni, mwondoke.

Waambieni wenye jembe na wenye moto wa kuchoma majani kwamba kigingi kile kina mwenyewe. Halafu nendeni baada ya magharibi, mara moja kwa wiki, na tochi ambayo mwanga wake umepunguzwa kwa kitambaa chekundu. Kaeni kimya. Andikeni tarehe, kama ilinyesha, kama yuko mlangoni au la, na upana wa shimo kwa kukadiria. Mkikuta uzi umeziba mlango, andikeni. Pengine anajivua, pengine amekumbatia kifuko cha mayai. Mkiona ngozi kuukuu imetupwa nje, ichukueni, hiyo ni yenu. Yakaushwa kivulini, hubandikwa juu ya kadi, nayo yaonyesha hata meno. Yule mvulana wa kopo la maziwa amekwisha bandika mbili, na kigingi chake ni namba 3.