Ruzuku Ifuate Kalenda ya Bahari

Wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya mwambao wa mashariki ya Unguja hawana haja ya kuambiwa na mtu kwamba bahari yao imebadilika. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Visiwani mwaka 1989, wao ndio wanaoshuka pwani kila bamvua kufunga mbegu kwenye kamba, na wao ndio walioiona ile aina yenye bei nzuri, kotonii, ikipauka na kukatika mikononi mwao katika miezi ya joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo huvumilia joto zaidi lakini sokoni haina thamani kubwa. Kule Pemba, wakulima wa Kisiwa Panza nao wameshuhudia maji ya chumvi yakiingia katika ardhi waliyorithi kwa wazee wao.

Linalotakiwa kujulikana sasa ni kitu gani kifanywe, mahali gani na kwa kiasi gani, na mambo hayo hupatikana kwa kupima. Sehemu isiyo ndogo ya kazi hiyo ya kupima hufanywa na vijana wanaosomea shahada za uzamili na uzamivu, katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa hapa Unguja mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kwengineko.

Tungependa leo kuzizungumzia fedha za vijana hao, na hasa zile fedha ndogo za nyongeza ambazo aghalabu hazimo katika hesabu za kawaida za masomo. Mwanafunzi aliyepata ufadhili au mkopo huwa amelipiwa ada, na pengine chakula na malazi. Mashua hailipiwi. Wala petroli ya mashine, wala vipimajoto vya kuachwa chini ya maji, wala gharama za maabara za kupima chumvi ya udongo, wala nauli ya meli ya kwenda Pemba na kurudi mara kwa mara. Bila ya vitu hivyo kijana anaweza kuandika insha nzuri sana, lakini hatakuwa amefanya utafiti.

Hata hivyo, upungufu wa fedha ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni wakati zinapolipwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, katikati ya kusi, bahari ikiwa imepoa. Mwanafunzi apatapo fungu lake hukimbilia pwani maadamu pesa ipo mfukoni, na lazima afuate bamvua, kwani siku za maji mafu mashamba ya mwani hayakauki vya kutosha. Akikosa nauli siku hizo, basi angoje wiki mbili. Ifikapo Februari na Machi, kaskazi likiwa limetulia na jua linachoma maji ya kina kifupi, mfuko umekwisha. Kijana anarudi chuoni na tasnifu inayoeleza kwa usahihi kabisa hali ya bahari katika miezi ambayo mwani haufi. Kwa wakulima wa mpunga mambo ni hayo hayo: chumvi ya bonde lililooshwa na masika si chumvi ya bonde hilo hilo wakati wa kiangazi, na mwenye kupima mara moja atawashauri vibaya.

Kumbukumbu za kupanda na kushuka kwa maji katika Bandari ya Zanzibar zinaanzia mwaka 1984, na ni hazina kubwa. Lakini kipimo cha bandarini hakiwezi kumwambia mhandisi tuta la Kisiwa Panza liwe na kimo gani, wala litoe vipi maji ya mvua bila ya kuyaingiza ya bahari. Tuta likijengwa kwa kukisia, gharama ya kulibomoa na kulijenga upya itawasomesha vijana wengi.

Faida ya utafiti wa nyumbani tumekwisha kuiona. Dakta Flower Msuya amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba kotonii inaweza kulimwa katika maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi sana. Jawabu hilo limezaa maswali mapya, kwa kuwa wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea na wasio na vyombo. Maswali kama hayo yanamfaa sana mwanafunzi wa uzamili, naye atayajibu akiwezeshwa kukaa kijijini kusi na kaskazi.

Tunatambua kwamba jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya eneo hili, WIOMSA, yenye makao yake hapa hapa Unguja, imekuwa ikitoa ruzuku za utafiti. Lakini ruzuku hizo hushindaniwa na nchi zote za magharibi mwa Bahari ya Hindi, na si haki tumtegemee jirani kwa jambo linalogusa chungu chetu.

Wako watakaosema kwamba hospitali na visima vitangulie, na kwamba vijana wakishapata shahada huondoka. Hoja ya kwanza ni nzito, nasi hatuombi mamilioni mengi. Ya pili ina dawa. Ruzuku itolewe kwa mafungu mawili: la kwanza lifike mkononi kabla ya Novemba, ili kaskazi lote lipimwe, la pili lilipwe baada ya mwanafunzi kuyasoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya wananchi wa shehia alikofanyia kazi, na kumwachia sheha nakala. Tasnifu nyingi zimelala makabatini kwa Kiingereza, na mwenye shamba hajui hata kwamba shamba lake limeandikwa.

Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Tunaiomba, pamoja na wizara inayosimamia elimu, iandae kifungu hicho katika makadirio yatakayopelekwa Baraza la Wawakilishi, na kando ya kiasi cha fedha uandikwe pia mwezi wa kulipwa.