MGANGA WA SINDANO HAFUNZWI KWA KITABU PEKE YAKE

Ndugu msomaji, unakumbuka siku ya kwanza uliposhika kalamu? Mwalimu aliandika herufi ubaoni, nawe ukaiona. Lakini mkono haukuijua mpaka ulipoandika, ukafuta, ukaandika tena. Leo tunaeleza jinsi waganga wa tiba ya asili ya Kichina wanavyofunzwa. Nao husoma vitabu, tena vingi. Ila kazi yenyewe huijua kwa mikono.

Jambo hili si geni kwao. Mwaka 1027 mganga Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba nyeusi, zenye kimo cha mtu. Zilikuwa na matundu mengi madogo, kila tundu mahali pa kuchoma sindano. Habari za kale zinasema kuwa siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta, ikajazwa maji. Mwanafunzi akilenga sawasawa, maji yanatoka. Akikosea, sindano haiingii. Basi hapo maneno mengi hayasaidii!

Siku hizi China ina vyuo vya tiba hiyo. Vinne vya kwanza vya serikali vilifunguliwa mwaka 1956 katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Masomo ya shahada huchukua miaka 5, na kama mwaka mzima wa mwisho mwanafunzi hufanya kazi hospitalini.

Je, anaanzaje kushika sindano? Kwanza huchoma karatasi zilizokunjwa zikawa nene, au pamba iliyofungwa kwa uzi. Hapo vidole vinapata nguvu. Kisha hujichoma mwenyewe, kwa mfano mguuni chini ya goti, ajue mgonjwa anasikia nini. Baadaye ndipo humchoma mgonjwa, na mwalimu yuko karibu anatazama.

Hali kadhalika kupima mapigo ya mkono. Mwanafunzi huweka vidole vitatu juu ya mshipa, halafu mwalimu huweka vyake palepale. Wanaulizana: wewe umesikia nini? Pia hutazama ulimi, husikiliza sauti na kikohozi, na humhoji mgonjwa.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu kosa dogo linaua. Sindano ya kifuani ikizama mno huweza kutoboa pafu, hewa ikavuja, mgonjwa akashindwa kupumua. Sindano chafu hueneza magonjwa. Tena kuna mzizi uitwao fuzi, wenye sumu kali. Ni lazima utayarishwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu ili sumu ipungue. Ukichemshwa kidogo tu, unaweza kumuua mnywaji.

Kuanzia mwaka 1968 China ilisifu sana "madaktari pekupeku". Hawa walikuwa wakulima waliofunzwa miezi michache tu, wakatibu wenzao vijijini kwa sindano, mitishamba na dawa za kisasa. Walisaidia wengi. Lakini mwaka 1985 jina hilo liliondolewa, wakatakiwa kufanya mtihani ili waitwe waganga wa vijiji.

Hata aliyefunzwa na fundi bila kupita chuoni hajafungiwa mlango. Sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 1, 2017 inamruhusu. Lakini sharti apendekezwe na waganga wasiopungua wawili, tena afaulu mtihani wa kuonyesha ustadi wake.

Sasa tuje kwako, ndugu. Akija mtu sokoni na begi la sindano, akisema yeye ni mganga wa Kichina, usimwogope kumwuliza. Nani alikufunza? Ulifanya kazi chini ya nani, kwa muda gani? Cheti kiko wapi? Sindano hii ni mpya? Fundi wa kweli hatakasirika. Na dawa ulizopewa hospitali usiziache bila kumwuliza daktari wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini mwanafunzi hujichoma mwenyewe kabla ya kumchoma mgonjwa?
2. Waganga wa kijijini kwetu walifunzwaje, na nani aliwasimamia?