Steringi Hafi, Mpagazi Hatajwi

Katika vibanda umiza vya Kyela, kama ilivyo kwa vibanda vya aina hiyo nchi nzima, kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Akifungwa kamba, akitumbukizwa kwenye shimo la matope, akipigwa shoti ya umeme mpaka meno yagongane, watazamaji kwenye mabenchi hawababaiki. Wanajua atakata kamba. Mikanda miwili ya Marekani, Missing in Action ya Chuck Norris (1984) na Rambo ya pili (1985), ndiyo iliyowafundisha Watanzania wengi sura ya mateka wa vita: mtu mkondefu mwenye ndevu, ndani ya tundu la mianzi huko Vietnam, asiyesema neno, anayesubiri mwenye misuli aje kumtoa.

Kilomita chache kutoka kwenye mabenchi hayo lipo ziwa lenye kisa cha mateka ambacho mtunzi wa sinema angeogopa kukitunga, asije akaambiwa ametia chumvi.

Abiria wanaopanda meli bandarini Itungi kwenda Mbamba Bay hupita Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao ndogo ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Mwingereza Rhoades, nahodha wa meli ya Gwendolen ya Nyasaland, na mara nyingi walikunywa pamoja. Tofauti yao siku ile ilikuwa habari tu. Rhoades alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba Ulaya kuna vita, na Berndt hajui lolote. Gwendolen ilipoanza kufyatua mzinga, Mjerumani aliingia kwenye mtumbwi, akapiga makasia hadi kwa rafiki yake huku akifoka, akidhani mwenzake amelewa. Akaelezwa hali ilivyo. Akawa mateka palepale, na magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kicheko hicho kina ndugu zake kwenye sinema. Filamu inayoheshimiwa kuliko nyingi za mateka, La Grande Illusion ya Mfaransa Jean Renoir (1937), nayo ni habari ya maafisa wanaopendana ilhali nchi zao zinapigana. Rauffenstein, Mjerumani mkuu wa ngome, anamkirimu mateka wake Boeldieu kama mgeni, kwa sababu wote wawili ni makabaila waliolelewa kwa adabu moja. Anapolazimika kumpiga risasi, anamwomba radhi. Renoir, aliyekuwa rubani katika Vita ya Kwanza ya Dunia, aliliona jambo ambalo wengi hawalioni: kifungoni, tabaka la mtu lina nguvu kuliko bendera yake.

Lakini ndani ya ngome hiyohiyo yumo mateka mmoja mweusi, afisa kutoka Senegali. Anaonekana kwa muda mfupi tu, amekaa anachora. Akimaliza anawaonyesha wenzake mchoro: haki ikiikimbiza jinai. Wenzake hawana habari naye. Wanaendelea na mazungumzo yao, na kamera inaondoka nao. Haijulikani kama Renoir alikusudia kuwasuta au naye alipitiwa kama wao. Vyovyote vile, hakuna mahali pengine ambapo sinema za mateka zimejieleza zenyewe kwa ukweli kama pale.

Sababu moja ya sinema kumfuata afisa iko kwenye sheria. Mkataba wa Hague wa 1907 uliruhusu mateka wa vyeo vya chini wafanyishwe kazi, ila maafisa waachwe. Afisa akawa na wakati wa kukaa, kuwaza, kuchimba handaki na, baadaye, kuandika kitabu ambacho watu wa sinema watakinunua. The Bridge on the River Kwai (1957) imesimama yote juu ya ugomvi kuhusu sheria hiyo: Kanali Nicholson yuko tayari kuchomwa na jua ndani ya sanduku la bati, lakini maafisa wake wasishike jembe. Reli halisi kati ya Thailand na Burma, kilomita 415, iliua mateka zaidi ya 12,000 wa nchi za Magharibi na washirika wao. Vibarua wa Kiasia waliokufa humo walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Kwenye filamu ni kama hawakuwapo.

Mtu wa Kyela hahitaji kusafiri mpaka Burma ili kuelewa hilo. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilishuka kutoka Tukuyu, kikapita tambarare hizi ambazo leo zinasifika kwa mchele na kakao, kikavuka mto Songwe na kwenda kupigwa Karonga. Mei 1916 Waingereza chini ya Jenerali Northey wakavuka Songwe kuja upande huu, na utawala wa Wajerumani ukaondoka Unyakyusa. Kila jeshi lilitembea kwa mabega ya watu. Upande wa Nyasaland wapagazi hao waliitwa tengatenga. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wapagazi 95,000 hivi walikufa upande wa Waingereza pekee, wengi kwa magonjwa. Hawakuwa askari, kwa hiyo hata walipokamatwa mara nyingi hawakuhesabiwa kuwa mateka. Walibadilishiwa mzigo tu. Askari nao walibadilishiwa sare: kikosi cha sita cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, kiliundwa 1917 kwa kuwaandikisha watu waliokuwa wamemtumikia Kaiser. Mfungwa anayeamka kesho yake akiwa na bunduki ya aliyemfunga ni mhusika ambaye mtunzi yeyote angemtamani.

Wapo pia walioandika wenyewe. Martin Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na misheni ya Waingereza, alifungwa na Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916. Simulizi lake lilichapishwa 1936 ndani ya Ten Africans, kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Wamisionari wa Kiingereza waliofungwa wakati uleule walitoka na malalamiko makubwa, mojawapo likiwa kwamba walifanyishwa kazi za mikono mbele ya Waafrika. Kayamba hakuwa na anasa ya kulalamikia hilo.

Sinema ilikuja Afrika Mashariki kutafuta mateka, ila ilimkuta Mwitaliano. Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki mwaka 1943, wakapanda Mlima Kenya, wakatundika bendera kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarudi wenyewe gerezani. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye kopo la nyama. The Ascent (1994) ilikichukua kisa hicho, na ni kisa kitamu kweli, cha watu walioshindwa na kuchoka kukaa bure kuliko walivyoshindwa na mateso.

Ilibidi Mwafrika mwenyewe ashike kamera. Ousmane Sembène, pamoja na Thierno Faty Sow, walitoa Camp de Thiaroye mwaka 1988. Askari wa Afrika Magharibi waliofungwa na Wajerumani wanarudishwa Senegali mwishoni mwa 1944, na Wafaransa wanawaweka kambini. Mmoja wao, Pays, hasemi. Anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani na kuugusa waya wenye miiba kana kwamba anaukumbuka. Wanadai malipo yao. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba jeshi la Ufaransa linawafyatulia risasi, na jambo hilo lilitokea kweli. Hakuna steringi humo, na waliozoea Rambo hubaki wakingoja mtu wa kutokea vichakani.

Berndt hakupata filamu yake. Meli yake ilitengenezwa na Waingereza, ikarudishwa ziwani kwa jina jipya, ikaendelea kubeba mizigo na watu kwenye maji yaleyale.