Mpiga Besi Naye Ana Uso

Saa nne za usiku mwezi wa Julai, baridi ya Nyeri haina mchezo. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na usiku wa msimu huo joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mpiga picha anashuka kwenye matatu, anaingia ukumbini ambamo watu wanacheza bega kwa bega, anatoa kamera, na papo hapo kioo cha lenzi kinafunikwa na ukungu. Anaufuta, unarudi. Aliyezoea hahangaiki kufuta. Huiacha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, ipate joto polepole, naye akautumia muda huo kusalimiana na wanamuziki, kuangalia taa zimefungwa wapi na kujua nani anapiga nini.

Bendi za roki za Kenya, mfano Parking Lot Grass na Crystal Axis, zimekulia Nairobi. Katika miji ya Mlima Kenya gita la umeme lina wenyewe wengine: wapigaji wa benga ya Kikuyu, wa mugithi na wa kantri. Kwa mwenye kamera, hata hivyo, kazi ni ileile. Kuna giza, kuna kelele, kuna watu wasiotulia, na kuna taa zilizowekwa kwa ajili ya kuchangamsha wachezaji, si kwa ajili ya picha.

Giza lenyewe lina dawa. Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta kuleta mbali karibu, mara nyingi tundu lake huishia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ukiongeza unyeti wa kamera (ISO) hadi 3200, unaweza kufyatua kwa sehemu ya 250 ya sekunde na mkono wa mpiga gita ukatulia pichani. Flashi haifai. Humulika chumba kizima kama ofisi, humuudhi mwimbaji, na huua rangi zote ambazo fundi wa taa amezihangaikia.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, nalo ni taa nyekundu. Kumbi nyingi zinaipenda. Macho ya mtu huizoea, lakini kamera hurekodi nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake. Nyekundu ikifurika, mbili zilizobaki huwa karibu tupu. Uso unatoka kama karatasi nyekundu isiyo na pua wala mikunjo. Ndiyo sababu wenye uzoefu hupunguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyoshauri, wakaingoja taa nyeupe ipite usoni, hata kama itapita mara mbili tu katika wimbo mzima. Ikikataa kupita, picha hiyo huenda ikaokolewa kwa kuigeuza nyeusi na nyeupe.

Halafu kuna mistari. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za kawaida hupepesa mara 100. Jicho halioni. Shata ya haraka huona, na picha hutoka na mikanda ya giza iliyolala kutoka ukingo hadi ukingo. Shata ya sehemu ya 100 ya sekunde huiondoa, lakini kwa kasi hiyo vidole vya mpiga gita vinafifia. Inabidi kuchagua, na mara nyingine kufifia ndiko kunakoonyesha kwamba mtu alikuwa anapiga kweli.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Pennie Smith, mpiga picha Mwingereza. Tarehe 20 Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium, New York, Paul Simonon wa bendi ya The Clash alilivunja gita lake la besi sakafuni. Smith alibonyeza huku akirudi nyuma kujikinga. Picha ilitoka na ukungu, naye hakutaka itumike. Joe Strummer, mwimbaji wa bendi, alishikilia kwamba ndiyo hiyo, ikawa jalada la albamu ya London Calling. Aliyeko katika picha hiyo si mwimbaji. Ni mpiga besi, na uso wake umeinama hauonekani vizuri.

Hapo ndipo wapiga picha wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wana jambo la kufikiria. Katika miaka ya 1990 mugithi ulienea kwenye baa kwa mtindo wa mtu mmoja na gita lake, akisaidiwa na mdundo wa mashine. Mike Rua ni mmoja wa waliouvumisha. Mabango yakazoea sura moja. Leo nyota wengi wamerudi kupiga na bendi kamili, lakini mabango hayajarudi: uso mmoja mkubwa, jina moja, tarehe na kiingilio. Mpiga dramu anayebeba usiku mzima mgongoni hana picha hata moja anayoweza kumwonyesha mamake. Kamera inaweza kulirekebisha hilo kwa hatua tatu tu za kusogea pembeni, pale ambapo mwimbaji hamfuniki mtu.

Picha za sura hupigwa mchana, na hapa baridi inageuka kuwa rafiki. Gathano, msimu wa baridi ambao kila mtu huulalamikia, huleta wingu la kijivu linalofunika anga siku nzima. Wingu hilo hutawanya jua likawa taa moja pana isiyo na vivuli vikali chini ya macho wala chini ya ukingo wa kofia za kantri. Watu watano wanaweza kusimama mbele ya ukuta wa mabati na wote watano wakaonekana sawasawa. Anayetaka mlima nyuma yao aamke mapema, maana mara nyingi Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, huonekana alfajiri kisha hujifunika. Mahali pengine pazuri ni karibu na reli inayopita Sagana, Karatina na Kiganjo hadi Nanyuki, ambako treni ya abiria ilirejea mwaka 2020. Neno mugithi lenyewe maana yake ni treni, na muziki huo uliitwa hivyo kwa jinsi wachezaji wanavyoshikana mabegani wakaizunguka sakafu.

Thamani ya picha kama hizo huonekana baadaye. Joseph Kamaru, mwanamuziki aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, aliacha mamia ya nyimbo. Mjukuu wake mwenye jina lake, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya mtandaoni. Kazi ya namna hiyo huanza na sauti, lakini msikilizaji wa leo hutaka pia kujua gita lile la pili lilikuwa mikononi mwa nani.

Kuna sheria pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha iliyoagizwa na bendi huhesabiwa kuwa ya bendi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kabla ya shoo. Mashabiki nao wana haki yao. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Ikikaribia saa tisa, treni ya wachezaji inaanza kuzunguka. Mpiga picha anapanda juu ya kreti, anapunguza kasi ya shata hadi sehemu ya 15 ya sekunde, na mstari wa watu unakuwa mto wa rangi huku bendi imesimama wima nyuma yake. Anapiga tatu, anashuka. Nyaya zinapoanza kukunjwa anamfuata mpiga besi, anamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, kisha anatoa simu aandike jina lake, na la baba yake pia, na namba ya kumtumia.