Falsafa ni ya Wazungu? Kweli na uongo katika daftari la mwaka wa mwisho

Kwa kijana wa Rughenda, mtaa wa Butembo wenye kiwanja cha ndege, falsafa huja mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa linanakili: Socrates, Plato, Descartes, Kant. Muda ni mfupi na vitabu ni vichache, kwa hiyo kinachobaki ni semi zinazorithishwa kutoka daftari la kaka hadi la mdogo wake. Baadhi ni za kweli. Nyingine hazikuwahi kutamkwa na hao wanaosingiziwa.

Falsafa ya Magharibi ni kazi ya Wazungu peke yao

Si kweli, na ushahidi uko Butembo kwenyewe. Mapadri Waasumpsioni, waliofika eneo la Beni mwaka 1929 na ambao leo wana Université de l'Assomption au Congo mjini Butembo, kwa jina lao kamili ni Waaugustino wa Asumpsio. Shirika lao lilianzishwa na Emmanuel d'Alzon huko Nîmes, Ufaransa, mwaka 1845. Lakini Augustino, ambaye wanafuata kanuni yake, ni mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alisoma Madauros na Carthage. Italia alikaa miaka mitano hivi, akabatizwa Milan mwaka 387, akarudi kwao mwaka uliofuata na hakuondoka tena. Msomi mmoja wa Madauros alipowadhihaki mashahidi wa imani kwa sababu ya majina yao ya Kipuni, Augustino alimjia juu: vipi Mwafrika anayewaandikia Waafrika ayacheke majina ya nyumbani?

Rangi ya ngozi yake hatuijui. Wanaomchora mweusi tititi na wanaomchora kama Mtaliano wote wanabuni. Kilicho hakika ni kwamba kitabu chake kikubwa, Mji wa Mungu, kiliandikwa Afrika. Roma ilitekwa na Wagothi mwaka 410, wakimbizi wakavuka bahari hadi Afrika, na watu wakaanza kuulizana kama wametupwa na Mungu. Augustino alianza kujibu mwaka 413, akamaliza mwaka 426. Msomaji wa Beni, ambaye amepokea nyumbani kwake ndugu waliokimbia mauaji ya vijijini, hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Augustino mwenyewe alifariki mwaka 430, mji wake wa Hippo ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Mwondoe yeye, uone kama utaweza kumweleza Luther, aliyekuwa mtawa wa Kiaugustino. Hata Descartes, anayefundishwa kama mwanzilishi wa fikra mpya, aliambiwa na Antoine Arnauld mwaka 1641 kwamba hoja yake ya kuanzia ilikwisha kutolewa na Augustino.

Wagiriki waliiba falsafa Misri

Hii inatufurahisha, ndiyo maana inapaswa kupimwa kwa ukali zaidi. Aliyeieneza sana ni George G. M. James, katika kitabu alichokitoa Marekani mwaka 1954. Anadai kwamba Aristotle alipora vitabu vya maktaba ya Alexandria. Haiwezekani: Aristotle alifariki mwaka 322 KK, na maktaba ile ilijengwa baadaye na wafalme wa ukoo wa Ptolemy. Si kweli, basi. Hata hivyo Wagiriki hawakulificha deni lao. Aristotle huyohuyo aliandika kwamba hisabati ilianzia Misri, kwa kuwa makuhani wa huko walikuwa na nafasi ya kufikiri. Mwizi hamtaji aliyemwibia.

Ulaya ndiyo iliyomtunza Aristotle

Si kweli. Kwa karne nyingi Ulaya ya Kilatini ilikuwa na vitabu vyake vichache tu vya mantiki. Vingine viliipata katika karne ya 12 na ya 13, sehemu kupitia Kiarabu, pamoja na ufafanuzi wa Ibn Sina na wa Ibn Rushd wa Cordoba. Thomas wa Aquino alimheshimu Ibn Rushd kiasi cha kumwita Mfafanuzi, bila kuhitaji kutaja jina.

Socrates hakuandika kitabu hata kimoja

Kweli. Tunayoyajua tumeyapata kwa Plato, kwa Xenophon na katika kejeli za Aristophanes.

Voltaire aliapa kutetea hadi kufa haki ya mpinzani wake kusema

Si yeye. Sentensi hiyo ni ya Evelyn Beatrice Hall, Mwingereza aliyeandika juu ya Voltaire mwaka 1906 na kuufupisha msimamo wake kwa maneno yake mwenyewe. Machiavelli naye anabebeshwa ule usemi wa lengo kuhalalisha njia. Haumo katika kitabu chake juu ya watawala, kilichochapwa mwaka 1532, ingawa nadhani asingeshtuka sana kuusikia.

Hegel aliiweka Afrika nje ya historia

Kweli, na aliyasema hayo mbele ya wanafunzi wake mjini Berlin bila kuwahi kukanyaga bara hili. Kinachosahauliwa ni kwamba Hegel alipoanza kufundisha chuo kikuu cha Jena mwaka 1801, Mwafrika alikuwa amekwisha kufundisha hapo. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alipelekwa Ujerumani akiwa mtoto. Mwaka 1734 alitetea tasnifu yake Wittenberg, akihoji mafundisho ya Descartes juu ya nafsi na mwili. Akafundisha Halle, kisha Jena kuanzia mwaka 1739, halafu akarudi Afrika. Sioni kwa nini daftari la Kongo limtaje Hegel na kumwacha Amo.

Falsafa ya Kibantu iligunduliwa na padri Mbelgiji

Hapa jibu si la neno moja. Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi kwa Waluba wa Katanga, alitoa kitabu chake Elisabethville mwaka 1945, na Présence Africaine wakakichapa tena Paris mwaka 1949. Kwa wakati wake alithubutu: alisema Mwafrika ana mfumo kamili wa fikra, na wakubwa wa kanisa la Katanga hawakumpenda kwa hilo. Baadaye alianzisha kule kwenye migodi ya Kolwezi kundi la Jamaa, ambalo mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo.

Lakini aliwaandikia wakoloni, si Waluba. Aimé Césaire alilitambua hilo mapema na kulisema kwa hasira. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alimkosoa mwaka 1968. Paulin Hountondji wa Benin akaongeza kwamba imani za ukoo mzima, hata zikiwa na hekima kiasi gani, hazijawa falsafa mpaka mtu atoe hoja kwa jina lake na akubali kupingwa. Mkongo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, akauliza mwaka 1988 swali linalowapata wote: hiyo Afrika inayozungumziwa, nani aliyeibuni?

Hukumu yangu ni hii: Tempels alifungua mjadala, hakugundua falsafa. Mwalimu unayeandaa kozi ya mwaka ujao, weka Amo kabla ya Hegel na Mudimbe baada ya Tempels, na mbele ya kila usemi utakaouandika ubaoni taja kitabu ulikotoka. Usemi usio na kitabu usiwaandikishe watoto.