Neno moja la Kiingereza, kazi mbili: Mfasiri, omba sentensi kwanza

KUNA neno moja la Kiingereza lililowahi kuniaibisha. Niliombwa kutafsiri orodha ya maneno ya kutumiwa katika fomu ya wagonjwa. Yalikuwa maneno matupu, kila moja katika mstari wake, bila sentensi. Nilipofika kwa 'discharge' sikusita. Niliandika 'kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani'.

Muuguzi aliyeipitia rasimu akaniuliza, "Mwalimu, sasa mgonjwa atalijibu vipi swali hili?"

Kumbe neno hilo lilikuwa katika sehemu ya dalili, pamoja na homa na maumivu! Lilikuwa nomino: usaha au majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Mimi nilikuwa nimelifanya kitenzi.

Mbona Kiingereza hututega hivi? Zamani hakikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha Kale, nomino 'upendo' ilikuwa 'lufu' na kitenzi 'kupenda' kilikuwa 'lufian'. Kadiri karne zilivyopita, viishio hivyo vilichakaa na kudondoka, maneno yote mawili yakawa 'love'. Tangu hapo, nafasi ya neno katika sentensi ndiyo hutuambia kazi yake. Ndiyo maana 'water' ni maji, na pia ni kumwagilia mimea au kunywesha mifugo. Mara nyingine mkazo husaidia: 'record' huwa nomino mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza, na kitenzi ukiwa kwenye ya pili. Lakini mkazo hausikiki kwenye karatasi.

Kiswahili nacho hutegemea zaidi viambishi. Husemi 'pend' ukanyamaza. Utasema 'anapenda', 'upendo' au 'mpenzi', na msikilizaji atajua papo hapo kama ni tendo, hali au mtu.

Hata hivyo, tusijigambe sana. Sisi pia tunayo maneno kama 'jibu', 'hesabu', 'tafsiri' na 'hukumu'. Tunasema 'hesabu imemshinda' na pia 'amehesabu pesa'. Hapa kinachotuokoa ni kiambishi. Kikiondoka, utata unarejea. Neno 'Jibu' likisimama peke yake kwenye karatasi ya mtihani, je, ni amri kwa mtahiniwa au ni kichwa cha nafasi anayopaswa kujaza?

Basi, ndugu mfasiri, ukipewa neno tupu la Kiingereza usikimbilie kamusi. Kamusi itakupa maana zote, lakini haitakuambia ni ipi inayotakiwa. Omba sentensi. Ikikosekana, uliza neno litakaa wapi, litasomwa na nani, na lina majirani gani.

Bahati nzuri, fomu ile haikuwa imechapishwa. Ingechapishwa, mgonjwa angeulizwa habari za kwenda nyumbani, na kidonda chake kisiulizwe na mtu.